Nanga ya Nondo

Wendell Kubena niliachana naye zamani, na bado kila asubuhi namuuzia chambo. Watu wakiniuliza nawezaje, huwajibu kwamba kumwacha mume ni kazi nyepesi kuliko kumwacha mteja. Duka langu liko penye gati la Port Aransas, lenye matangi ya uduvi hai yanayovuma mchana na usiku, na boti yake hufungwa karibu kabisa na mlango wangu. Namwona akija, namwona akiondoka. Nikitaka kumtukana, sina haja hata ya kupaza sauti.

Ni mrefu, masikio yamebabuka kwa jua, na midomo huipaka dawa nyeupe mpaka anafanana na mtoto aliyeiba unga. Manahodha wengine wa hapa hupeleka wanaume mbali baharini wakatafute samaki wa kupigia picha. Wendell hupeleka familia. Bibi anayetembelea mkongojo, mama asiyewahi kushika ufito wa kuvulia, watoto wenye plasta magotini, hao ndio wateja wake. Wanatoka alfajiri, wanaanza kwenye ghuba palipo na majani na maji ya kifuani, kisha wanamalizia kwenye ukuta wa mawe unaolinda mlango wa bahari, na kabla jua la mchana halijaanza kuua wamesharudi. Nusu siku, basi. Nyuma ya boti amening'iniza kengele ya shaba, na mtoto akipata samaki wake wa kwanza, hata awe mdogo kama kidole, huigonga. Wendell hujigamba kwamba hajawahi kumrudisha mtoto nyumbani bila kuigonga kengele hiyo, na kwa kuwa uduvi anautoa kwangu, najua hasemi uongo.

Hayo ndiyo mazuri yake. Baya lake kubwa lilikuwa kicheko.

Alikuwa anacheka mtu akiogopa. Baba yake alikuwa Mcheki, mkulima aliyeacha kulima pamba akaja pwani kuvua uduvi, na kwenye boti zile mvulana aliyeogopa alichekwa mpaka akome. Wendell alikua hivyo, akadhani ndivyo watu wanavyoleana. Kwa wateja hakuthubutu. Kwa binti yetu alithubutu.

Janelle alikuwa na miaka kumi na miwili siku ule upepo wa baridi wa kaskazini ulipowakuta ghubani pamoja na wageni. Mawimbi yaliingia ndani, mtoto akakumbatia kifuniko cha mashine akilia kwamba wanakufa, naye Wendell, mkono mmoja kwenye usukani, akacheka kwa sauti. Akawaambia wageni, "Mwoneni binti wa nahodha, anaogopa maji!" Wageni wakacheka pia. Walirudi salama, lakini Janelle hakukanyaga tena boti ya baba yake. Hata hilo lingepita. Ila siku ya arusi yake, mbele ya ukoo mzima wa mumewe uliokuja kutoka San Antonio, Wendell alisimama na glasi mkononi akakisimulia kisa kile upya, na kilio akakiigiza. Ukumbi ulicheka mpaka meza zikatikisika. Mimi nilimtazama binti yangu usoni, nikajua yamekwisha.

Tangu siku hiyo hakumpokelea simu. Kila kiangazi alikuja kwangu na mumewe, baadaye na watoto, na kila wakija Wendell alipitia mlango wa nyuma wa gati wasikutane. Boti yake inaitwa Janelle. Aliipa jina hilo mtoto alipozaliwa na hakulibadilisha. Zaidi ya miaka kumi nilimsikia kila asubuhi akiita jina hilo redioni anapotoka, na mwenye jina hataki kumwona.

Mwaka huu, mwezi wa sita, mjukuu wetu Ximena, ambaye sasa anajua kusoma kila kitu hata mabango ya sumu ya panya, alisimama mbele ya ile boti.

"Mama, mbona boti hii ina jina lako?"

Janelle alimshika mkono wakaondoka. Usiku ule akaja jikoni kwangu, akafunga mlango.

"Nusu siku moja," akasema. "Kama anavyowapeleka wengine. Na wewe uwemo, mama. Ila nikimsikia anacheka, mmoja wetu akiogopa naye akacheka, hata kidogo, tunaondoka siku hiyo hiyo na wanangu hawatamjua tena. Mwambie hivyo hivyo."

Nikamwambia Wendell hivyo hivyo. Alikuwa anakosha ndoo. Akaendelea kuikosha ile ile moja, ndani na nje, ilhali ilikuwa safi.

"Sitacheka," akasema.

Sasa lazima niseme habari ya nanga, maana bila hiyo hamtaelewa.

Ukuta wetu ni mawe makubwa yaliyorundikwa tu, na samaki wanakaa humo kwenye mianya. Ukitaka kuwavua, unasogeza omo, yaani mbele ya boti, karibu na ukuta, unatupa nanga kati ya mawe, unailegeza boti irudi nyuma kidogo na mkondo. Lakini nanga ikiingia kwenye mawe yale haitoki. Kwa hiyo hapa kwetu kila mtu hujitengenezea yake kwa nondo za kujengea nyumba: kipande cha bomba, na nondo nne nyembamba zilizokunjwa kama kucha. Ukitaka kuondoka unarudisha mashine nyuma, kucha zinakunjuka, nanga inachomoka. Nyumbani unazikunja tena kwa nyundo. Ni kitu cha kutu, kibaya kukitazama, kinachafua nguo na kukwaruza rangi. Kazi yake ni kukubali kushindwa.

Na kuondoka ni lazima ujue kuondoka upesi. Meli za mafuta hupita mlango ule zikienda bandari ya Corpus Christi, kubwa kuliko mtaa wetu. Zikipita hunyonya maji kutoka kwenye ukuta, maji yanashuka mpaka mawe ya chini yanachungulia, halafu yote yanarudi kwa mkupuo. Wendell ana sheria yake: meli ikifika boya jekundu, fito zote juu, na tunatoka, hata kama umeshika nyangumi.

Jioni kabla ya safari alikuja dukani amebeba kitu kwenye taulo, akakifunua juu ya kaunta. Nanga mpya, ya chuma kisichoshika kutu, kucha nene kama dole gumba, inang'aa mpaka uduvi kwenye tangi wakaona.

"Nani amekufa akakuachia urithi?" nikamuuliza.

"Acha mdomo wako, Oleta. Nimenunua."

"Na ile ya nondo?"

"Iko bandani. Janelle akiiona atasema baba bado anaendesha boti kwa vyuma chakavu. Nataka aone kitu imara."

"Hii haikunjuki, Wendell."

"Najua haikunjuki. Nitaigusisha tu juu juu."

"Juu juu! Tangu lini ukuta ule ukajua juu juu?"

Akaifunga tena kwenye taulo lake kama anafunika mtoto, akaenda zake. Ningeweza kupigana naye zaidi. Lakini nilimwona alivyonyoa ndevu, alivyopaka boti rangi, alivyonunua majaketi mapya madogo ya kuelea, na moyo wangu ukalegea. Hata kisu chake, kile kilichokaa kwenye ala pale omoni tangu enzi za baba yake, alikuwa amekiondoa na kukifungia kwenye kisanduku, eti watoto wasije wakajikata.

Asubuhi bahari ilikuwa tulivu. Rubén, mkwe wangu, fundi wa mabomba, mtu mpole mwenye tumbo la kuchafuka, alikuja amebeba kapu la chakula: tikiti maji, mikate ya soseji, na juu yake kichane cha ndizi.

Nikamkazia macho Wendell. Hakuna ndizi inayopanda boti ya Kubena. Hakuna ndizi inayopanda boti yoyote gatini kwetu, na nimewahi kumwona akizitupa majini za hakimu mzima. Ndizi ni mkosi, kila mvuvi wa pwani hii anajua.

Wendell alizitazama.

"Karibuni," akasema. "Wekeni tu hapo kivulini."

Nikamnong'oneza, "Na ndizi pia?"

"Nyamaza," akaninong'oneza naye.

Janelle alipanda wa mwisho. Alivaa shati jeupe na miwani myeusi, na alipanda vizuri, mguu katikati, mkono kwenye chuma, kama alivyofundishwa utotoni. Mwili haukuwa umesahau.

"Habari za asubuhi, baba."

"Njema, mwanangu. Kuna kiti hapo. Au pale. Popote."

Hayo tu. Tukatoka.

Ghubani mambo yalikwenda, ila mimi nilikuwa nimekaa kama mtu anayesubiri sahani ianguke. Mwari, yule ndege mwenye mfuko mdomoni, aliruka karibu na kichwa cha Beto, mjukuu wangu mdogo, naye akajitupa chini akipiga mayowe. Wote tukageuza macho kwa Wendell. Aliuma mdomo wa chini mpaka ile dawa nyeupe ikamwingia kwenye meno.

"Ndege mkubwa yule," akasema taratibu. "Mimi pia amenishtua."

Mwongo mkubwa. Lakini Janelle alivua miwani akamtazama, halafu akaivaa tena.

Baadaye Rubén alitapika ubavuni, mara mbili, pamoja na mkate wa soseji. Wendell akampa maji na kitambaa, akageukia upande wa pili, mabega yamekakamaa. Beto akapata kisamaki cha kung'aa kisichojaa hata kiganja, akaigonga kengele mpaka masikio yakauma. Janelle akakata tikiti kwa kisu kirefu cha meno alichokitoa jikoni kwangu, tukala, mbegu tukazitemea majini. Nikaanza kupumua.

Ila Ximena hakuwa amepata kitu. Mara tatu walimlia chambo, mara tatu akavuta hewa.

"Babu, kila mtoto hupata, si ndiyo?" akauliza. "Bibi amesema."

"Kila mtoto," Wendell akasema. "Twende ukutani."

Pale ukutani mkondo ulikuwa ukitoka. Wendell alisogeza omo, akaenda mbele mwenyewe, akaitupa ile nanga mpya. Ilimeta hewani, ikazama kwenye mwanya kati ya mawe mawili makubwa. Nilisikia chuma kikigonga jiwe, halafu kikigonga jingine chini zaidi. Akaivuta kamba kujaribu. Ikakaza. Akafunga.

"Juu juu," nikasema.

Alitazama ile kamba kwa muda.

Samaki walikuwepo. Wale wa milia kama nguo za wafungwa, wenye meno kama ya binadamu, walikuwa wanakula konokono kwenye mawe, unawaona kabisa. Ximena aliteremsha uduvi wake. Haikuchukua muda, ufito ukapinda mpaka maji.

"Babu! Babu!"

"Kaza, usivute kwa nguvu! Mwache aende, mwache... Sasa zungusha!"

Wendell alipiga magoti nyuma yake, mikono imemzunguka bila kumgusa. Sijawahi kumwona na uso ule tangu Janelle alipokuwa mdogo. Na Janelle alikuwa anawatazama, mkono kwenye mdomo.

Kisha akageuza kichwa.

"Baba," akasema. "Meli."

Ilikuwa inaingia kutoka baharini, nyeusi, tupu, imeinuka juu kama jengo. Ilikuwa haijafika boya jekundu, lakini karibu. Wendell aliinuka, akaitazama, akamtazama Ximena, akatazama ufito. Mzee huyu angeweza kusema bado kidogo. Alikuwa ameshawaahidi. Nilimwona akitamani.

"Fito juu," akasema. "Wote."

"Babu, ninaye! Ninaye hapa!"

"Najua unaye, mama."

Akauzungusha mshipi mkononi mwake, juu ya mkono wa shati, akaukata kwa mkupuo mmoja. Ufito ukanyooka. Ximena alibaki mdomo wazi, halafu akaanza kulia kwa hasira, akimpiga babu yake mgongoni kwa ngumi. Wendell alikuwa ameshafika kwenye usukani.

"Oleta, mshike Beto. Rubén, Ximena. Kaeni sakafuni."

Akarudisha mashine nyuma. Kamba ikakaza, ikatoa maji, boti ikatetemeka. Kwa nanga ya nondo, hapo ndipo unaposikia ule mtikisiko mdogo, kucha zikikunjuka moja moja, na uko huru. Tulisubiri mtikisiko. Haukuja.

Akaongeza moto. Mashine ikalia. Omo ikavutwa chini, tezi, sehemu ya nyuma, ikakaa majini, na maji yakaanza kuingia nyuma, ya uvuguvugu, yakiburuta maganda ya tikiti. Kamba ilikuwa imekaza kama chuma na nanga ilikuwa imeshika kama ilivyotengenezwa kushika.

Meli ikapita boya jekundu.

"Ifungue!" nikapiga kelele. "Wendell, fungua kamba!"

"Haifunguki ikikaza hivi! Nikilegeza, mkondo hautoshi kutuvuta nyuma, tutaingia kwenye mawe!"

Na mawe yalikuwa yanatokea. Maji yalikuwa yameanza kuondoka ukutani. Hakuna sauti inayonitisha kama ile, kama sinki kubwa linalonyonya, na mawe meusi yenye kome yanainuka mbele yako wakati wewe ndiye unayeshuka. Nilimkandamiza Beto kifuani mpaka akalalamika. Nilifikiri, hapa ndipo tunapofia, kwa sababu ya chuma kizuri.

"Kisu!" Janelle akasema. "Baba, kisu chako kiko wapi? Kilikuwa pale mbele!"

"Kwenye kisanduku. Nimekifunga."

"Ufunguo?"

Wendell alifungua mdomo. "Kwenye gari."

Hapo alimgeukia. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani na mwingine kwenye kishikio cha kuongeza moto wa mashine, na hakuweza kuondoa hata mmoja. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko ile dawa.

"Janelle, naogopa," akasema. Si kwa kelele. "Naogopa sana, mwanangu. Siwezi kuuacha usukani. Nisaidie."

Sijui kama yeye mwenyewe alijisikia. Janelle alimtazama kwa muda mfupi kiasi cha kupepesa jicho. Kisha akapiga magoti kwenye maji, akatia mkono ndani ya kapu, chini ya zile ndizi, akatoa kile kisu cha tikiti, akatambaa kwenda mbele.

Omo ilikuwa imeinama kiasi kwamba ilibidi ajilaze kifudifudi na kushika kwa miguu. Akaanza kukereza. Kile kisu nilikinunua kwa ajili ya mikate. Kilikuwa kinateleza, kinarudi, uzi mmoja wa kamba unakatika, mwingine unabaki. Nyuma yangu ubavu wa meli ulikuwa umeziba jua, na nyuma ya ubavu ule maji yalikuwa yamejikusanya, kilima kirefu cha kijani kinachotembea kando ya ukuta kuja kwetu.

"Polepole, mwanangu," Wendell alikuwa akisema, sidhani hata alisikika mbele. "Sehemu moja. Kata sehemu moja. Hivyo hivyo."

"Mama!" Ximena akalia.

Kamba ilikatika kwa mlio kama wa bunduki. Kipande chake kilimpita Janelle sikioni, boti ikaruka nyuma, nikagonga kichwa kwenye pipa la chambo. Wendell alikuwa ameshageuza usukani wote. Aliizungusha omo, akaielekeza kwenye kile kilima cha maji, akatia moto.

"Shika chuma, Janelle! Shika chuma!"

Tulipanda. Tulipanda mpaka nikaona anga tu na nyayo za binti yangu. Halafu tukaanguka, kila kitu kikaruka, ndoo, fito, uduvi, maganda. Tukapanda tena, tukaanguka tena. Ile kengele ilikuwa inagonga yenyewe muda wote, kichaa, bila mkono wa mtu. La tatu lilikuwa dogo, la nne lilituinua tu na kutuweka. Nyuma yetu maji yalifika ukutani yakapasuka juu kuliko nguzo za taa.

Kisha pakawa na utulivu. Mashine inanguruma. Tuko katikati ya mlango, tumelowa, wote wazima, nikahesabu vichwa mara mbili.

Kengele ikagonga mara ya mwisho. Beto akatoa uso kifuani kwangu.

"Nani amepata samaki?" akauliza.

Rubén ndiye aliyeanza. Kile kicheko cha mtu aliyekuwa analia. Nami nikashindwa kujizuia, na Janelle kule mbele, shati jeupe limegeuka kijivu, akalala chali akacheka mpaka akashika mbavu. Hata Ximena.

Wendell hakucheka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, machozi yanashuka yakichanganyika na ile dawa. Janelle alipomwona, akaacha kucheka.

Tulirudi. Gatini Wendell alifunga boti, akawasaidia watoto kushuka, akachukua brashi, akaanza kusugua sakafu ambayo haikuhitaji. Rubén akawapeleka watoto dukani wakawaone uduvi. Janelle alibaki ukingoni mwa gati, maji yakimdondoka.

"Mlikuwa na sharti," Wendell akasema, bila kuinua kichwa. "Sikucheka. Lakini nimekaribia kuwaua, kwa hiyo halina maana. Mkiondoka sitawalaumu."

Janelle alikamua maji ya shati lake.

"Ile nanga niliinunua unione ni mtu wa maana. Na kisu nilikifungia kwa ajili hiyo hiyo. Mama yako aliniambia, sikusikia." Akasugua. "Na siku ile ya upepo, ulipokuwa mdogo... Niliogopa siku ile pia, Janelle. Nilikuwa sijui kama tutafika. Nilicheka ili wageni wasijue."

Nililala kitanda kimoja na mtu huyu miaka mingi na sikuwahi kulisikia neno hilo. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtumbukiza majini, yote mawili kwa nguvu sawa.

Janelle aligeuka akaondoka. Nilimwona akipita mbele ya duka bila kuingia, akielekea yalipoegeshwa magari. Wendell alisikia hatua zake zikififia. Aliweka brashi chini, akakaa juu ya pipa, mikono kati ya magoti, akitazama ile ala tupu ya kisu pale omoni.

"Basi," akaniambia. "Basi, Oleta."

Watoto walitoka dukani, Ximena mbele, macho bado mekundu, akasimama juu ya gati akimtazama babu yake.

"Kengele sijaigonga," akasema. "Uliniahidi, halafu umemkata samaki wangu."

"Najua, mama."

"Kila mtoto, ulisema."

"Nilisema, ndiyo."

Hapo tukasikia chuma kikiburutwa kwenye mbao. Kilikuwa kinatoka upande wa banda. Janelle alikuwa anarudi kinyumenyume, ameinama, anavuta kitu kizito kwa mikono miwili, na kutu imempaka kifua kizima cha shati. Alipofika kwenye boti aliinyanyua ile nanga ya nondo, kucha zake zimepinda kila moja upande wake, akaitupa omoni. Ilikwaruza rangi mpya mpaka kwenye mbao.

Akajifuta mikono kwenye suruali, akamtazama baba yake.

"Ximena hajagonga kengele," akasema. "Kesho tunatoka saa ngapi?"

Wendell alifungua mdomo, lakini hakuna kilichotoka. Akafunga, akafungua tena. Nikaona tutakesha.

"Saa kumi na mbili," nikajibu mimi. "Na ndizi mziache nyumbani."